Vijana wa saiba, tusiziachie programu za watu nyuso za wazee wetu

Kama umewahi kufanya kazi kwa saiba huku kwetu Webuye, unajua wiki inavyokwenda. Jumatatu hadi Jumatano ni KRA, HELB, eCitizen na barua za kuomba kazi. Jumatano jioni wanaanza kuja watu wa matanga. Wanakuja wawili au watatu, mmoja ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, na ndani ya simu hiyo kuna picha moja tu ya marehemu. Wanataka kijitabu cha mazishi, wanataka bango la kufunga mbele ya gari, na wanataka vyote kabla ya Ijumaa saa sita kwa sababu mwili unatoka mochari mchana huo.

Picha yenyewe huwa ni shida. Imekatwa kutoka kwa picha ya harusi ya mtu mwingine na bega la jirani bado linaonekana. Au ilipigwa usiku. Au ni ya kitambulisho, ikapigwa tena kwa simu, na mwanga wa taa ukakaa pale kwenye paji la uso. Sisi tunaokaa nyuma ya kompyuta ndio tunaoambiwa, "Kijana, itengeneze ikae poa." Na tunaitengeneza.

Hiyo "kutengeneza" ndiyo nataka tuongee leo.

Mwaka jana kukhu, mama mzaa baba yangu, alifariki. Alikuwa mtu asiyependa kamera. Ukimwelekezea simu anafunika uso kwa leso na kukuuliza kama umekula. Picha iliyopatikana ikawa ni ile ya kipande. Mimi ndiye kijana wa saiba katika ukoo mzima, kwa hivyo kazi ikaniangukia bila kuulizwa. Nikafanya kile ninachowafanyia wateja: nikaiingiza picha katika programu ya akili unde ya kunoa picha, moja ya zile za bure zenye matangazo mengi. Sekunde thelathini hivi. Ikatoka picha safi, kila unywele unahesabika, ngozi inang'aa. Nikaituma kwa grupu ya familia nikingoja sifa.

Senge, dada ya baba, akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Huyu mama ni mrembo kweli. Ni nani?"

Nikaangalia tena. Pua ilikuwa imepungua upana. Mikunjo ya mdomo haipo. Kovu lililokuwa juu ya nyusi ya kushoto, ambalo kukhu alilipata akiwa msichana akipasua kuni, halikuwepo. Programu ililiona kama uchafu wa picha ikalipangusa. Macho yalikuwa ya mtu fulani aliye mahali fulani, au asiyekuwa popote. Na mimi nilikuwa karibu kulipeleka hilo kwenye bango la futi sita.

Sitataja jina la hiyo programu, maana wenzake wanafanya vilevile. Kilichoniuma zaidi ni hesabu niliyoifanya usiku huo kichwani: ni wazee wangapi nimewazika wakiwa na nyuso ambazo si zao? Wateja wale hawakulalamika. Labda waliona aibu. Labda walidhani kompyuta ndiyo inayojua.

Haijui. Hapa lazima tuelewane, hata kama hupendi mambo ya hesabu. Picha ndani ya kompyuta ni miraba midogo inayoitwa pikseli, na kila mraba una namba tatu, moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya buluu, kila namba kati ya 0 na 255. Ni hivyo tu. Picha ya kipande cha kukhu, nilipoikata ibaki uso peke yake, ilikuwa na pikseli 120 kwa 150. Kovu lilikuwa pikseli chache mno. Kilichopotea wakati kamera ilipopiga hakiko ndani ya faili, na hakuna hesabu ya kukirudisha. Kwa hivyo programu "inaponoa", inabuni. Imelishwa nyuso nyingi ajabu, inakisia uso wa namna hii kwa kawaida huwaje, kisha inachora makisio yake juu ya mtu wako.

Nyuso ilizolishwa ni za akina nani? Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini mwenye asili ya Ghana na Timnit Gebru aliyezaliwa Addis Ababa, walipima mifumo ya kampuni tatu iliyodai kutambua kama uso ni wa mwanamke au wa mwanamume. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Ulikuwa mtihani tofauti na huu wa kunoa picha, na kampuni zilifanya marekebisho baadaye. Lakini mashine iliyosoma nyuso za wengine ikikutana na mama mzee wa Bungoma aliyechomwa na jua la shamba, itampa nini kama si kile ilichosoma?

Basi nifanyeje? Siku zilikuwa zimebaki mbili.

Hapa narudi nyuma kidogo. Kwa mwaka mmoja hivi kabla ya hapo nilikuwa nacheza, na kucheza ndilo neno lenyewe, na kitu kinachoitwa p5.js. Ni maktaba ya bure ya kuchora kwa msimbo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na msanii Lauren Lee McCarthy, naye akijenga juu ya Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianza pale MIT mwaka 2001 ili wasanii waweze kuandika programu bila kuogopa. Inafanya kazi ndani ya kivinjari cha kawaida. Ukishaipakua faili yake, huhitaji bando tena. Mimi nilianzia kwa simu, nikiandika mistari mitano mitano saa ambazo hakuna wateja. Nilipomwambia mama kwamba najifunza kodi, aliuliza kama ni ya nyumba au ya KRA.

Na nilichokuwa nachora hakikuwa na faida yoyote. Nilipiga picha mabati ya nyumba za zamani karibu na kiwanda cha karatasi. Wazee watakuambia jinsi moshi wa Panpaper ulivyokula mabati ya mji huu tangu kiwanda kilipoanza kazi miaka ya sabini hadi kilipofungwa 2009. Nikaandika msimbo unaozipanga pikseli za kila safu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Kutu yote ikateremka chini kama mvua ya chai. Siku nyingine nilienda maporomoko ya Nabuyole, nikarekodi video ya dakika moja bila kusogeza simu. Halafu kutoka kila fremu nikachukua safu moja tu ya katikati, nikazipanga safu hizo kando kwa kando. Mwamba, kwa kuwa hausogei, ukawa mistari iliyolala imenyooka. Maji yanayoanguka yakawa nyuzi za mshazari, zimepishana kama mkeka. Mvulana aliyepita mbio mbele ya simu akawa mwembamba kama ufito.

Niliionyesha rafiki mmoja, akaniuliza swali ambalo wewe pia unajiandaa kuniuliza: "Hiyo itakulipa?" Nilinyamaza. Sikuwa na jibu.

Lakini usiku ule, nikiwa na kipande cha kukhu mbele yangu, nilijua la kufanya, kwa sababu ya ile michezo. Chukua gazeti la zamani, liangalie picha yake kwa kioo cha kukuza. Hakuna kijivu pale. Kuna nukta nyeusi tu, kubwa mahali penye giza, ndogo mahali penye mwanga. Magazeti yamechapisha picha kwa njia hiyo tangu karne ya kumi na tisa; Daily Graphic la New York lilifanya hivyo mwaka 1880. Jicho lako ndilo linalochanganya nukta na kukuonyesha mtu. Mwaka 1973 Leon Harmon wa Bell Labs alimchora Abraham Lincoln kwa miraba mia mbili na ushee pekee. Ukiwa karibu ni sakafu ya vigae. Rudi nyuma, finya macho, Lincoln huyo hapo. Hakuongeza hata unywele mmoja. Alipunguza, na mtu akabaki.

Nikaandika. Kwa kila pikseli nne, mbili kwa mbili, tafuta wastani wa mwanga, kisha chora nukta moja. Penye giza, nukta iwe kubwa. Ikatoka nukta 4,500, na uso wa kukhu ukawa doa moja jeusi la lami.

Nilikaribia kulia, sitadanganya. Kisha nikafanya jambo ambalo ile programu ya matangazo hainiruhusu kulifanya: nikafungua na kuangalia namba. Mwanga wa uso wake wote ulikuwa kati ya 22 na 96. Mimi nilikuwa nimeiambia kompyuta kwamba nukta zipangwe kuanzia 0 hadi 255, kana kwamba kila uso duniani una nyeupe ya karatasi ndani yake. Kwa hiyo nukta zake zote zilikuwa kubwa na zilikuwa zimepandana. Kosa halikuwa la ngozi ya kukhu wala la kamera. Lilikuwa katika mstari wangu mmoja, nilioiga kutoka kwa mfano wa mtu mwingine bila kuufikiria. Nikabadilisha: 22 iwe giza kabisa, 96 iwe mwanga kabisa. Nikabonyeza.

Akatokea. Bila kung'aa, bila ujana wa kuazima. Pua yake, mdomo wake, ile namna ya kukaza taya kama mtu anayesubiri karani amalize. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na nukta mbili ndogo kuliko jirani zake. Kovu.

Nikatuma kwa grupu. Senge hakuandika kitu kwa muda. Halafu akapiga simu, na alichosema nitakiacha kwetu.

Sasa maoni yangu, maana nimeitwa hapa kutoa maoni na si kusimulia matanga. Sisemi kila kijana aache programu za akili unde. Nazitumia kuondoa rangi ya ukuta nyuma ya picha ya pasipoti, na zinafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba anayeshika nyuso za watu kama kazi yake ya kila siku, na huku kwetu huyo ni kijana wa saiba kuliko msanii yeyote wa Nairobi, ajifunze walau kuandika programu yake ndogo ya kuchezea picha. Si kwa ajili ya soko. Ni ili akiulizwa "kovu limeenda wapi?" awe na jibu.

Najua mtakachosema. La kwanza, wateja wanataka picha inayong'aa. Kweli, wengi wanataka. Tangu wakati ule nimekuwa nikiwawekea picha mbili mezani, ya programu na ya nukta, na kuwaambia wazi kwamba hii ya kwanza kuna sehemu mashine imebuni. Wapo wanaochukua ya kwanza bado, na ni haki yao, marehemu ni wao. Lakini wanachagua wakijua.

La pili, kwamba siku hizi hata msimbo unaandikwa na akili unde, kwa nini nijisumbue? Mwambie ikuandikie basi, sina neno. Mimi pia nimeomba msaada nilipokwama. Tofauti ni kwamba mistari thelathini ya msimbo unaweza kuisoma, ukauliza huu unafanya nini, ukabadilisha 255 kuwa 96 na kuona kilichotokea. Picha iliyonolewa huwezi kuifungua ukapata mstari uliokula kovu. Ndiyo maana mfano nilioiga ulinikosesha, lakini uliniruhusu kujua umenikosesha wapi.

La tatu ni zito zaidi, na sijalimaliza. Kuna mteja mmoja, ana nia ya kiti fulani katika uchaguzi wa 2027, aliniletea picha ya mkutano wake chini ya mwembe. Watu walikuwa wachache na mbuzi wawili. Akasema, "Nijazie." Nilikataa, akaenda saiba ya pili, na nina hakika alijaziwa kwa shilingi mia mbili. Kwa hiyo usiniambie kwamba kujua msimbo kunamfanya mtu awe mwaminifu. Hapana. Anayejua anaweza kudanganya vizuri zaidi. Lakini asiyejua anadanganya hata asipotaka, kama mimi na kukhu, na huyo ndiye tuliye wengi.

Lililonichosha kabisa ni jinsi jambo hili linavyofundishwa, au lisivyofundishwa. Serikali ilianza kuwapa watoto wa darasa la kwanza tableti mwaka 2016. Mwaka 2022 mtaala wa koding ukaidhinishwa. Safi. Lakini muulize mtoto wa shule koding ni ya nini, atakujibu kama aliyekariri: ni ya kupata kazi. Kisha Januari 2026 wakafika Gredi ya 10 wa kwanza, na kila mmoja akaambiwa achague njia: STEM, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Ndugu yangu mdogo ni mmoja wao. Anachora tangu akiwa na miaka minne, na hesabu anaipenda. Nyumbani kulifanyika mkutano mzima. Akachagua STEM, kwa sababu ya neno "kazi", na daftari lake la michoro likapanda juu ya kabati.

Mimi nikamketisha saiba Jumamosi moja, nikampa video ya Nabuyole. Nikamwambia aifanye mkeka, lakini safu ichukuliwe kutoka mahali tofauti kila fremu ili mkeka upinde. Alihitaji sine. Ile sine ya hesabu, ambayo kwa kitabu ni pembetatu tu. Saa nne baadaye bado alikuwa pale, na maji yalikuwa yanapinda. Sasa niambieni, kijana huyo saa zile alikuwa katika njia ipi? Walimu wa kompyuta wa Webuye, Bungoma na Kitale, simjui hata mmoja wenu anayezuiwa na sheria kumpa mwanafunzi picha ya shamba lao badala ya zoezi la kuhesabu mishahara ya wafanyakazi kumi wasiokuwepo. Anzeni na picha. Mtoto akiona namba 0 hadi 255 zikiwa uso wa nyanya yake, hamtahitaji kumbembeleza.

Na wenye saiba, wacheni vijana wacheze saa ambazo hakuna foleni. Mwenye saiba yangu alikuwa akinikemea kwamba nachosha kompyuta zake. Siku hizi picha ya nukta ya mteja wa kwanza iliyokubaliwa iko ukutani, karibu na bei za fotokopi, na yeye ndiye anayewaeleza watu jinsi inavyofanywa, akikosea kidogo lakini kwa fahari.

Wiki iliyopita Senge alikuja mwenyewe kutoka Kitale kwa matatu. Hakuwa na msiba wala fomu ya kujaza. Alivua kitambaa cha kichwa, akakaa kwenye kile kiti cha picha za pasipoti, akaniangalia kama anavyomwangalia mtu anayetaka kumpunja sokoni.

"Nifanyie yangu ya nukta," akasema, "nikiwa hai. Na hizi mvi usiziguse."